Mbuzi Wafupi wa Mida

Shangazi yangu alikuwa na mbuzi ambao watu wa Malindi waliwacheka. Walikuwa mbuzi kamili, wenye ndevu, pembe na harufu yote ya beberu, lakini aliyekomaa alinifika juu kidogo tu ya goti. Aliwaweka katika kisiwa kidogo ndani ya mkono wa bahari wa Mida, na yeye mwenyewe akiishi mjini Malindi, mtaa wa Barani. Katikati ya miaka ya themanini mbuzi hao walimtia katika fedheha iliyodumu siku tatu. Nilikuwapo siku zote tatu, na nilikuwa na daftari, kwa hiyo naweza kuieleza kwa mpangilio.

Kwanza kisiwa chenyewe. Kukizunguka kwa mguu kulichukua dakika ishirini, na dakika kumi kati ya hizo zilikuwa za kuruka mawe. Katikati palikuwa na vichaka vya miba, pembeni mikoko. Mbuzi walikula majani ya mchu, ule mkoko ambao jani lake ukililamba lina chumvi, na walikunywa maji ya mvua yaliyosimama kwenye shimo la mwamba. Kiangazi walilamba umande. Mfereji wa maji uliokizunguka haukukauka hata bahari ilipokupwa kabisa siku za bamvua, na mbuzi haogelei kwa hiari yake. Aliyezaliwa pale alifia pale, au alitolewa kwa mtumbwi akiwa amefungwa miguu.

Aliyewapeleka alikuwa baba mkwe wa shangazi, kabla shangazi hajaolewa. Alichoshwa na chui waliotoka msituni usiku, na zaidi alichoshwa na kesi za majirani kuhusu mihogo yao. Alipeleka majike matano na beberu mmoja, mbuzi wa kawaida kama wa mtu yeyote. Tangu hapo ilikuwa imepita kama miaka arobaini, na hakuna mbuzi mgeni aliyekanyaga kile kisiwa. Hata wezi hawakwenda, maana mwizi naye anataka mbuzi wa kujisifia.

Shangazi alirithi mbuzi hao kwa mumewe na akaendelea na utaratibu alioukuta. Kila mwaka, wiki moja kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, yaani Idi Kubwa, alivuka kwenda kisiwani na mkasi. Kila mbuzi aliyekuwa hai alikatwa mkato mmoja mdogo sikioni, hata kama alikuwa na wiki mbili tu duniani. Kwa hiyo umri wa mbuzi ulisomeka kwenye sikio. Wa kuchinjwa kwa ibada hakuwa na mikato chini ya mitatu.

"Mikato mitatu ni miaka miwili kamili na zaidi," alinieleza. "Ule wa kwanza hauhesabiki, ni wa kumkaribisha."

Miaka miwili ndiyo sharti la mbuzi wa Idi kwa madhehebu yetu, na shangazi alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu kuliko wengine. Miaka minane nyuma binti yake wa pekee alipasuliwa tumbo hospitalini Mombasa, na madaktari walikuwa hawajatoa ahadi yoyote. Shangazi alikaa kwenye benchi la nje akaweka nadhiri: mtoto akipona, yeye atachinja kila Idi Kubwa, maadamu yu hai, mbuzi wa zizi lake mwenyewe. Binti alipona. Akaolewa, akazaa. Na kila mwaka shangazi alitazama wenye mikato mitatu na kuendelea, akamtoa aliye mkubwa kuliko wote. "Mungu hapewi kilichobaki," alikuwa akisema.

Mimi wakati huo nilifundisha shule ya msingi Gede, na pembeni niliandikia gazeti moja habari ndogondogo, nyingi zikiishia kwenye kapu la mhariri. Jirani yangu katika nyumba za walimu alikuwa mwalimu wa sayansi kutoka bara, Mkristo, mcheshi, aliyetumwa pwani kwa miaka miwili na sasa alikuwa katika mwaka wa tano bila kuomba uhamisho. Siku moja ya likizo nilimchukua twende tukaone mbuzi wa shangazi. Alipowaona alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka akavua miwani.

"Ndugu yangu, hawa ni mbuzi ama ni sungura?"

"Sema polepole. Mwenyewe anakutazama."

Beberu mkubwa alikuwa amesimama hatua chache, ameinua ndevu. Mwalimu aliacha kucheka, akaanza kuuliza. Walifika lini? Wangapi? Kuna mnyama anayewala? Nikamjibu, naye akaniambia mambo ambayo niliyaandika siku ileile kwenye daftari, na ambayo hadi leo sijayasahau.

Alisema kwamba mnyama anayenyonyesha akifungiwa kisiwani vizazi vingi, umbo lake hubadilika, na mara nyingi kwa njia mbili. Mkubwa hupungua, mdogo huongezeka. Kulikuwa zamani, alisema, na tembo katika visiwa vya kusini mwa Ulaya ambao mtu mzima angewapita kimo. Bukini, yaani Madagaska, kulikuwa na viboko wafupi. Wote walikwisha, imebaki mifupa. Panya naye, asipokuwa na wa kumkimbiza, hukua.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ukubwa ni ngao. Tembo akiwa mkubwa, simba anamwogopa. Lakini ngao inakula. Mahali padogo, chakula ni kidogo, simba hayuko. Yule anayeshiba haraka ndiye anaishi mpaka anazaa. Mtoto anafanana na mzazi. Basi."

"Kwa hiyo hawa wamekuwa hivyo?"

Hapo alisitasita, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alisema kazi ile huchukua maelfu ya miaka, na miaka arobaini ni kama jana. Pengine mbuzi hawa walikuwa na njaa tu, kama mtoto aliyekosa maziwa. Nikamwonyesha mafuta mgongoni mwa jike mmoja. Akasema basi tupime.

Tulikuwa na tepe ya fundi cherehani. Tuliwapima begani wale tuliofanikiwa kuwakamata, nami nikaandika. Yule beberu mkubwa alikuwa inchi kumi na nane. Beberu wa jirani yetu Gede, tuliyempima jioni ile mbele ya mwenyewe aliyedhani tumepagawa, alikuwa ishirini na tano. Panya wa kisiwani tulimwona mmoja, mnene kweli, lakini hakusubiri tepe.

Wazo la kumtoa mtoto mmoja lilikuwa la mwalimu. Ikiwa ufupi ni njaa, alisema, mtoto akilelewa Gede kwa majani mazuri na pumba atakuwa sawa na mbuzi wa Gede. Ikiwa umeingia damuni, atabaki mfupi hata akilala juu ya chakula. Shangazi alikubali kunipa dume mmoja wa miezi mitatu, kwa sharti kwamba abaki kuwa mbuzi wake. Niliandika tarehe ya kuzaliwa kwake kama alivyoitaja mvuvi anayetutazamia kisiwa, na kila mwisho wa mwezi nikaandika kimo chake. Alikua. Akawapita wazee wake wa kisiwani. Kisha akaanza kwenda polepole, na alipotimiza mwaka na miezi mitano alikuwa inchi ishirini na moja na nusu, akala usiku na mchana, asiongezeke. Mwalimu alisema jibu ni yote mawili: njaa ilichukua sehemu, damu ikachukua sehemu. Hilo la damu lilimsumbua. Miaka arobaini ilikuwa michache mno.

Ndipo Idi ikaingia.

Miaka yote iliyotangulia, baba yangu ndiye aliyemchinjia dada yake, uani, bila watazamaji. Mwaka ule baba alikuwa amefariki. Shangazi akamwita mzee mmoja wa Barani aliyekuwa na bucha sokoni kabla ya kustaafu. Siku za Idi mzee huyo alizunguka nyumba kwa nyumba, visu vyake ndani ya kikapu cha ukindu, na kila ua alioingia uliingiwa na watu nyuma yake.

"Salaam alaykum, Bi mkubwa. Mbuzi yuko wapi?"

"Wa alaykumu salaam. Huyo mbele yako."

Alikuwa mmoja wa wale tuliowapima, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kisiwani.

"Huyu? Na mama yake yuko wapi? Naona bado ananyonya."

Ua mzima ulicheka. Shangazi hakucheka.

"Ana mikato minne sikioni, kaka. Mhesabu."

"Mikato hata mimi nikitaka nitamkata kumi leo. Bi mkubwa, nimechinja tangu siku za Mwingereza. Siangalii sikio, sifungui mdomo, jicho langu linatosha. Wewe una nadhiri, na nadhiri si pilau ya mchana. Kisu changu hakimwingii mwana-mbuzi, usije kesho kwa Mungu ukaniita shahidi."

Akachukua kikapu chake. Alikuwa na nyumba nyingine zinazomngoja, na watu wakamfuata. Jirani mmoja, mwanamke mwema, alibaki nyuma akamshika shangazi mkono. "Pole, dada yangu," alisema. "Kumbe miaka yote hii..." Hakumaliza.

Sentensi ile ambayo haikumalizwa ndiyo iliyomwumiza. Kicheko angekistahimili. Alikwenda akakaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni, nazi iko nusu, na hakuikuna.

"Mwanangu," aliniambia, "nilimwahidi Mungu, Naye akatoa kwanza. Kama yule mzee amesema kweli, miaka minane mimi sijatoa kitu. Nimewalisha majirani nyama tu."

"Si una mikato, shangazi?"

"Mikato naikata mimi. Nikikosea nani ataniambia?" Akaiweka nazi chini. "Yule wako wa Gede amefikia wapi?"

"Ni mkubwa kuliko huyu."

Nilijua alichokuwa akiniuliza, na nilijua kwamba sikumjibu. Sikio la yule dume halikuwa na mkato hata mmoja, maana alikulia Gede; umri wake ulikuwa kwenye daftari, mfukoni mwangu. Lakini nilimwona amekaa vile, na siku za kuchinja zilikuwa zimebaki tatu, nikaona dume mrefu atawafunga watu midomo. Ni mara chache nimejificha nyuma ya jibu la kweli namna ile.

Siku ya pili, asubuhi, mimi na mwalimu tulimleta dume kutoka Gede, tukamfunga uani karibu na mwenzake. Waliposimama pamoja mtu angeapa kwamba mrefu ni baba na mfupi ni mtoto. Shangazi aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akanituma kwa sheikh aliyesomesha mtaani, mtu wa makamo aliyefuga mbuzi wake mwenyewe nyuma ya madrasa. Alikuja baada ya alasiri. Shangazi alimweleza yote tangu lile benchi la hospitali, akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Kimo hakikutajwa," sheikh alisema. "Umetajwa umri, na asiwe kilema, wala mgonjwa, wala kakonda hata hana uboho. Nileteeni wote wawili."

Alimshika mfupi kidevu akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Mbuzi hana meno ya mbele juu, ana ya chini tu, manane. Akiwa mtoto yote ni membamba. Baada ya mwaka na kitu, mawili ya katikati hung'oka na kuota mapana, na kila mwaka jozi nyingine hufuata.

"Sita," sheikh alisema. "Huyu yuko kwenye mwaka wa tatu ama ameumaliza. Tena yamelika kwa mchanga. Huyu ni mtu mzima, Bi. Mikato yako ni mingapi?"

"Minne, Sheikh."

"Basi sikio na mdomo vinasema neno moja."

Sheikh akamgeukia dume wa Gede, na hapo nikasema kabla hajamshika.

"Huyo ana mwaka na miezi mitano, Sheikh. Nimeandika."

Alimfungua mdomo hata hivyo. Mapana mawili, mengine yote ya utoto. "Kweli," alisema. "Huyu kwa Idi hii hafai. Anafaa kutazamwa."

Pazia lilifunguka. Shangazi hakumtazama sheikh, alinitazama mimi. "Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Na ungeniacha nimchinje?"

Hakuningoja nijibu. Alimwuliza sheikh kuhusu miaka minane iliyopita. Sheikh akamwuliza kama kuna mwaka wowote aliomtoa mwenye mikato miwili. Akasema hapana, hata mmoja. "Basi nenda kakune nazi," sheikh alisema. Nadhani ndilo neno lililomfaa zaidi kuliko aya yoyote.

Jioni ile tulikula pamoja, na mwalimu, ambaye alikuwa ameshiba na kwa hiyo hakujizuia, alitoa lile lililokuwa likimsumbua.

"Mama, nimepata jibu ya hii maneno ya damu. Kila mwaka nyinyi mnachukua gani?"

"Mkubwa kuliko wote, tangu siku za baba mkwe."

"Na ya harusi?"

"Mkubwa anayefuata."

"Sasa nani anabaki kuzaa?"

Shangazi aliacha kutafuna.

"Kisiwa ingefanya hiyo kazi pole pole," mwalimu aliendelea. "Lakini nyinyi mmeisaidia, miaka arobaini. Kila beberu mrefu anatoka kabla hajazaa sana. Anabaki mfupi. Ni nyinyi mmewafupisha, mama."

"Kwa hiyo Mungu nimpe mdogo?"

Mwalimu alichukua kipande cha muhogo. Mimi niliandika swali lile usiku huohuo na sikuandika jibu, kwa sababu halikutolewa.

Siku ya tatu shangazi alituma ujumbe kwa mzee wa bucha kwamba sasa kuna mbuzi wawili, aje. Nilimshauri amwite sheikh achinje yeye. "Aliyenitahayarisha mbele ya watu," alisema, "ndiye atakayenichinjia mbele ya watu." Mzee alikuja, na watu walikuja, wengi kuliko siku ya kwanza. Akamwona dume wa Gede, uso ukamfunguka.

"Ehe! Huyu sasa ndiye mbuzi. Si ulikuwa naye, Bi mkubwa, ukaniletea kichezeo? Mleteni."

"Huyo hajatimiza umri," shangazi alisema. "Chinja huyu mfupi."

"Nani kasema hajatimiza?"

"Mpwa wangu kaandika."

"Daftari!" Mzee aliwageukia watu. "Siku hizi mbuzi wana daftari. Kesho watakwenda shule." Wakacheka. "Bi mkubwa, mimi nina jicho."

"Na mimi nina nadhiri. Mfungue mdomo umwangalie."

"Sifungui mdomo."

"Basi chinja."

Mzee alikipangusa kisu. Kukataa mara ya pili kungekuwa ugomvi, na ugomvi siku za Idi haupendezi. "Nachinja kwa amri yako," alisema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Dhambi isinifuate." Akamlaza yule mdogo kuelekea kibla, akapiga bismillahi, na kazi yake, lazima niseme, ilikuwa safi na ya haraka. Akaosha visu akaondoka, bila kugusa kahawa.

Nyama haikuwa nyingi. Shangazi aliigawa mafungu yote kwa majirani, maana nyama ya nadhiri hailiwi na aliyeiweka. La mwisho lilikuwa la mzee wa bucha. Alilipanga kwenye sahani ya maua, kisha akaingia jikoni kilipokuwa kichwa, akatoka na taya la chini, limeoshwa, meno yake yakiwa nje. Akaliweka juu ya nyama.

"Mpelekee," aliniambia. "Na usiseme kitu."

Mzee alikuwa barazani kwake, peke yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa tayari ametazama sahani. Alilichukua lile taya akasogea nalo penye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya meno, jino baada ya jino, kama mtu anayepima makali ya kisu. Alirudia mara ya pili. Nilimsikia akihesabu chini kwa chini, na alikoma kwenye sita.

Mwishowe akalirudisha taya juu ya nyama, taratibu, akaifunika sahani kwa kitambaa.

"Mwambie Bi mkubwa," alisema, "mwakani asiite mtu mwingine."

Nilirudi nikamkuta shangazi uani, anamkagua dume wa Gede kwato kabla hajavushwa kwenda kisiwani akazalishe majike. Nikamfikishia ujumbe kama ulivyo. Aliuinua mguu wa nyuma, akaupangusa udongo, akauachilia.

"Aje," alisema. "Kisu aje nacho. Jicho aliache nyumbani."